Kikapu Mezani, Kisha Kidonge

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani. Miaka thelathini na ushee nimesimama kwenye dirisha la dawa nikiiangalia saa ya hospitali inavyojikokota kuelekea saa tisa na nusu, na siku nilipoacha kuhitaji kujua saa ndipo wakanipa ya kwangu. Mganga mkuu alisoma hotuba, akanivika kilemba cha ukoka mpaka nikageuka nyuma kuona ni nani huyo anayesifiwa. Baada ya soda na sambusa, vijana wa chumba cha dawa wakaniomba niwaandikie kitu cha kuwatia moyo.

Kutia moyo sijawahi kuweza, waulizeni wagonjwa wangu. Ninachoweza ni kuwaandikia habari za kidonge kimoja kidogo kinachoitwa amitriptilini. Nimekigawa tangu wiki yangu ya kwanza hadi ya mwisho. Kimewasaidia watu wengi kuliko mnavyodhani, na mwaka mmoja, kwa msaada wangu mkubwa, kilikaribia kumwua mwalimu wangu wa katekisimu. Mambo ya vyeo na mishahara nayaruka, maana hayakuwa marefu.

Nilianza kazi Jumatatu, kwenye hospitali ya misheni huku huku kwetu juu, katikati ya migomba ya Kirua Vunjo. Nilikuja na koti jeupe jipya, mikunjo ya pasi inasimama yenyewe, na cheti cha chuo kwenye bahasha nikidhani kuna mtu atataka kukiona. Mkuu wa chumba cha dawa alikuwa Sista Fidesi, mtawa mfupi mwenye miwani mizito. Cheti hakukitazama, alitazama mikono yangu. Akanipa kopo la vidonge akaniambia nihesabu thelathini. Nikavimwaga kiganjani, nikavichambua kwa kidole kama mama anayechambua maharage, nikamkabidhi nikiwa na tabasamu. Sista alivipokea vyote thelathini akavitupa kwenye ndoo.

"Hivyo vilikuwa vyako," akasema. "Sasa hesabu vya mgonjwa."

Ndipo akanionyesha trei ya kuhesabia na kisu chake butu cha chuma, ambacho alikuwa anakifuta kwa spiriti kila baada ya dawa moja. Kisu hicho nimekitumia mpaka nastaafu. Nyinyi mna vya plastiki vya rangi tatu, na bado nimewakuta mkihesabu kwa vidole mkidhani mzee amesinzia. Akanifundisha kuandika bahasha: jua kwa asubuhi, mwezi kwa jioni, na idadi ya vidonge chini ya kila picha, kwa sababu mgonjwa mwenye uchungu hasomi insha. Kwenye chumba kile nilichora miezi mingi kuliko mwanajimu yeyote.

Lakini sheria yake kubwa ilikuwa kikapu. Kila anayefika dirishani, kabla hajapewa hata panadoli, Sista alimwambia: "Kikapu mezani." Maana yake, toa kila unachokunywa, kula, kupaka au kunusa huko nyumbani. Watu walikasirika, kisha wakatoa. Nimeona vikitoka humo magome ya miti, mafuta ya taa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, dawa ya marehemu babu iliyobaki, na siku moja dawa ya minyoo ya ng'ombe. Mwenyewe alitueleza kwa utulivu kwamba ng'ombe alipona.

Amitriptilini ilikaa rafu ya juu, nyuma ya mlango wa kufuli. Wiki ile ya kwanza Sista aliiteremsha akaiweka mbele yangu.

"Hii ni nini?"

"Dawa ya usingizi, Sista."

Alinitazama kwa muda. Nilidhani na mimi naenda kwenye ndoo.

"Usingizi ni kelele zake tu," akasema. "Hii ni ya mtu mwenye sonona, ile huzuni inayokaa miezi na haiondoki. Kwa kiasi kidogo ni ya maumivu ya mishipa ya fahamu, na ya kuzuia kichwa kile cha upande mmoja. Haina haraka. Mwenye huzuni atangoja wiki mbili, tatu, hata nne, na wewe utamwambia hivyo kabla hajaondoka, la sivyo ataiacha Jumatano. Anaanza na kidogo, anakunywa jioni, anaongezewa na daktari, si na jirani. Akisahau moja, asinywe mbili kesho yake kufidia. Na akitaka kuacha asiache ghafla, arudi apunguziwe polepole."

Kisha akanipa maswali, nami nikayakariri kama sala. Una shida ya moyo? Umewahi kuanguka kifafa? Una presha ya macho? Mzee, mkojo unatoka vizuri au unakusumbua? Unakunywa pombe? Kuna dawa gani nyingine? Na kwa mtu aliyechoka na maisha, swali linaulizwa pembeni, kwa sauti ya chini, kisha tunampa ya wiki moja tu kwa wakati, na ndugu ndiye anayeitunza. Kwa sababu, alisema Sista, dawa hii kwa kipimo chake ni rafiki, ikizidi inakwenda moja kwa moja kwenye moyo, na watoto wadogo haiwaonei huruma hata kidogo. Wakati ule nilidhani mama huyu anatia chumvi.

Basi nikaingia kazini, na wagonjwa wakaanza kunifundisha subira, somo ambalo nililifeli.

Kulikuwa na mkulima wa mpunga aliyepanda kutoka Mabogini, amefiwa na mke, amekonda, hali wala halali. Alipewa dawa Jumatatu, Alhamisi akarudi amekunja uso, bahasha mkononi. "Nimekunywa siku tatu nzima na bado nina huzuni." Nikamwuliza kama mpunga wake huwa anauvuna siku ya tatu. Sista alinikanyaga mguu chini ya meza, akamwomba radhi kwa niaba yangu, akamweleza upya taratibu. Yule bwana alirudi baada ya mwezi na kilo tano za mchele mpya. Alimpa Sista, si mimi, na alikuwa na haki.

Kulikuwa pia na wale wa mbege, pombe yetu ya ndizi. Unamwuliza mtu: "Unakunywa pombe?" Anakuapia hapana, Mungu ni shahidi. "Na mbege?" Anakushangaa. "Mbege ni chakula." Mmoja wa hao alikula chakula chake vibuyu vitatu juu ya kidonge cha jioni, akaenda kulala ndani ya mfereji wa kumwagilia kahawa, na maji yalikuwa yamefunguliwa. Aliokolewa na mwenye zamu ya maji, aliyekuja kuangalia nani ameziba. Tangu hapo swali langu likawa mawili: pombe, halafu mbege.

Na miaka ya karibuni akaja daktari mkubwa kuliko wote, simu. Mama mwenye sukari, miguu inamwaka moto usiku kucha, amepewa kidonge kidogo na ameanza kulala, anakirudisha kimefungwa kwenye gazeti kwa sababu mpwa wake amesoma kwenye simu kwamba ni dawa ya vichaa. Nilimwambia kwamba hata panga la kukatia majani ya ng'ombe linaweza kukata sabuni, na kwamba kinachomwaka ni mishipa ya miguu, akili yake ni nzima kuliko ya mpwa. Huyo alikubali. Wengine hawakukubali, wakarudi kwenye kulia na miguu yao.

Sista Fidesi alipozeeka alihamia nyumba ya watawa, akaniachia dirisha, trei na kile kisu. Nikawa mkuu wa watu wawili, mmoja wao mimi mwenyewe.

Sasa nifike kwa Mama Apolonia. Ndiye aliyenifundisha katekisimu nilipokuwa mdogo, mjane, mwenye kihamba cha migomba na kahawa chini kidogo ya kanisa. Alifundisha kwa njia moja tu: anasema, unarudia, ukikosea anaanza mwanzo. Utu uzima wangu wote nilikuwa bado namwita mwalimu. Mwaka ule, mwezi wa kumi, alipata mkanda wa jeshi. Malengelenge yalikauka lakini ubavu ukabaki unamwaka, hata nguo ikimgusa analia. Daktari wetu akamwandikia amitriptilini, kidonge kimoja kidogo cha jioni. Nikamwuliza maswali yote, nikaona kikapu, nikachora mwezi mmoja. Wiki tatu baadaye alipita dirishani akaniambia amelala kama mtoto, aika sana, yaani asante sana. Hapo nilikuwa fundi wa kupigiwa mfano.

Kisha ukaja mwezi wa kumi na mbili. Kwa msomaji asiye wa huku nieleze: sisi Wachaga mwaka mzima tuko kila mahali duniani isipokuwa nyumbani, ila Krismasi tunarudi wote kwa pamoja. Magari yanajaa barabara za migombani, mbuzi wanaanza kuwa na wasiwasi. Na hakuna anayerudi kwa wazazi mikono mitupu. Zamani walileta sukari na mablanketi, siku hizi wanaleta dawa. Mtoto anaona aibu kusema amemkumbuka mama yake, basi anamnunulia vidonge.

Severini, kifungua mimba wa Mama Apolonia, anafanya kazi Dar. Mama alipomlalamikia kwenye simu, kabla dawa yangu haijashika, kwamba halali kwa maumivu, aliingia famasia yenye kiyoyozi akasema anataka kitu kizuri cha kumlaza mzee. Yasinta, dada yake, ana biashara ya nguo Holili, anavuka Kenya na kurudi kama anayekwenda uani. Naye akanunua ng'ambo dawa nzuri ya mishipa. Walifika wiki moja kabla ya sikukuu, na hawakuambizana. Wale walikuwa wanashindana tangu wako shule, na mwaka ule walikuwa wanashindana nani anampenda mama zaidi.

Tarehe ishirini na nne Mama Apolonia alikuja dirishani. Foleni ilikuwa mpaka kwenye maua. Mimi kule nyumbani nilikuwa na mbuzi aliyekwisha kuchunwa na shemeji zangu, watu ambao hawafai kuachwa peke yao na nyama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Deogratias. Mae, mwanangu, mdomo umenikauka hata sala haitoki. Na choo siku ya nne hakuna. Macho nayo, naona ukungu, Injili imenishinda kusoma."

Mdomo mkavu, choo kufunga, macho ukungu. Kila mmoja wenu anayesoma hapa ameshajua. Dalili tatu za dawa kuzidi zilisimama dirishani kwangu zimevaa kitenge cha sikukuu, zikanisalimia kwa jina. Na mimi, fundi wa kupigiwa mfano, nilisemaje?

"Ni hizi sherehe, mwalimu. Nyama nyingi, maji kidogo." Nikampa dawa ya kulainisha choo. Sikumwambia kikapu mezani. Alikuwa nacho mkononi, kimefunikwa kitambaa, na sikukiomba kwa sababu nilikuwa nawaza maini.

"Aika, mwanangu. Krismasi njema," akasema, akanishika mkono.

Siku ya pili yake, katika misa, tuliinuka kwa Injili. Mama Apolonia aliinuka pamoja nasi kwenye benchi la mbele, akasimama kama anayetafakari, kisha akaenda chini. Nilisikia kichwa kikigonga benchi. Tulipomfikia alikuwa macho wazi, mboni kubwa, uso umemwiva na hana jasho. Alikuwa anamwambia marehemu mumewe awatoe mbuzi kwenye kahawa. Vidole vyake vilikuwa vinachuma kitu kwenye kitenge, kitu ambacho hakikuwepo.

Wakati Severini analeta gari, kanisa zima lilikuwa limeshageuka jopo la madaktari. Mmoja alisema ni uchovu, mwingine akasema ni joto la watu, na shangazi mmoja akanong'ona kwamba mbege ya jirani imewekwa kitu. Hospitalini daktari wa zamu, kijana wa watu aliyekosa Krismasi yake, aliuliza swali sahihi.

"Anakunywa dawa gani?"

"Zenu tu," Severini akajibu.

"Zenu tu," Yasinta akajibu.

"Na vitamini nilizomletea," Severini akaongeza.

"Na mimi hizo za mishipa, lakini hizo ni kama vitamini," Yasinta akasema.

Nilikuwa nimesimama nyuma yao na suti yangu ya kanisani. Ule mdomo mkavu, choo na ukungu vikanirudia kimoja kimoja, kwa sauti yake mwenyewe. Sikumuaga mtu. Nilikimbia. Mtu wa umri wangu akikimbia na suti siku ya Krismasi watu hudhani ng'ombe katoroka, na wawili walijitolea kunisaidia kumtafuta.

Kikapu kilikuwa juu ya kabati, karibu na picha ya Mama Maria. Ndani kulikuwa na vifurushi vitatu, kila kimoja kimefungwa kwenye leso yake safi. Cha kwanza kilikuwa bahasha yangu na mwezi wangu. Cha pili kilikuwa kiboksi cha Severini, jina kubwa la kupendeza. Cha tatu kilikuwa cha Yasinta, jina jingine kubwa la kupendeza. Na chini ya kila jina, kwa zile herufi ndogo ambazo hutumika kuandika mambo muhimu, neno lilikuwa moja: amitriptilini. Vile viwili vya wanawe vilikuwa na nguvu kuliko changu. Nilikaa kwenye kitanda cha mwalimu wangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na hofu kubwa kuliko aibu.

Daktari alisoma vile vifurushi vyote vitatu. Alimpima umeme wa moyo, akaitazama ile karatasi, akaitazama tena, akaita gari la wagonjwa. Wakamwekea dripu na mpira wa mkojo, wakamteremsha hospitali kubwa ya mjini. Tulimfuata kwa gari la Severini. Ndugu hawa wawili walibishana njia nzima hadi Moshi.

"Ni hiyo yako ya magendo!"

"Magendo? Yako ndiyo imeandikwa nguvu mara mbili!"

"Mimi nilinunua famasia yenye kiyoyozi!"

Nilitaka kuwaambia kwamba mwenye kosa amekaa kiti cha nyuma. Sikusema mpaka tulipofika kwenye benchi la wodi, na nilipowaeleza habari za jana yake dirishani walinyamaza wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu shule. Yasinta alilia. Severini alitoka nje akazunguka maegesho mpaka jioni. Mimi nilibaki na rozari ya mtu mwingine, nikisali vibaya.

Moyo wake ulitulia siku ya pili. Siku ya tatu alikuwa ananijua. Siku ya nne aliniambia shati langu halijapigwa pasi, nikajua amepona. Nikamwomba msamaha, kisha nikamwuliza lililokuwa linanila.

"Mwalimu, wewe unasoma. Hukuona ni dawa moja?"

"Niliona ni dawa za watoto wangu," akasema. "Kila mmoja aliniwekea mkononi, akakaa hapo kuniangalia nikimeza. Nikinywa ya Severini nikaacha ya Yasinta, huyu atajisikiaje? Nimwambie nani kati yao kwamba yake nimeitupa?"

Swali hilo nilirudi nalo kwetu. Nikapanda nyumba ya watawa kumwona Sista Fidesi, ambaye alikuwa haoni vizuri lakini kusikia alisikia mno. Nikamsimulia yote.

"Uliomba kikapu?" akauliza.

"Foleni ilikuwa ndefu, Sista."

"Sikuuliza urefu wa foleni."

"Sikuomba."

Alipapasa mkono wa kiti. Nilingoja anifukuze. "Mama hawezi kumkatalia mwanawe," akasema mwishowe. "Mpe mtu wa kumsingizia. Wewe una sura inayofaa."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mnyang'anyi wa Krismasi. Kila Desemba, kila mzee: kikapu mezani. Kinachogongana na dawa zake nakichukua, nakifungia kabatini na kuandika jina la mwenyewe, na namwambia, "Mwanao akiuliza, sema yule bwana wa dirishani mwenye roho mbaya amekunyang'anya." Mnapaswa kuona sura zao zinavyolegea kwa raha. Watoto walikuja dirishani kunifokea, wenye funguo za magari makubwa na miwani ya jua juu ya kichwa. Niliwaacha wafoke mpaka wachoke, kisha nikawaeleza mama yao anakunywa nini, na wengi waliondoka wakaenda kununua sukari. Mama Apolonia alibadilishiwa matibabu, akaishi miaka mingine mingi, akafa kwa uzee kitandani mwake. Kila Desemba alikuwa anakuja wa kwanza, anaweka kikapu mezani kabla sijafungua kinywa, kisha ananitazama nikikagua, aone kama nitakosea.

Mwanafunzi wangu wa mwisho ni Happy, ambaye sasa ndiye mwenye dirisha. Siku ya kwanza aliniambia, "Mzee, siku hizi kila kitu kiko kwenye kompyuta." Nikamwuliza kama kompyuta inajua Yasinta amevuka na nini kutoka Holili. Aliuliza Yasinta ni nani, nikamsimulia. Tangu siku ile hajawahi kuacha kuuliza kikapu, ingawa yeye anasema mfuko.

Nilistaafu mwaka jana. Mwezi uliopita miguu yangu ilianza kuwaka moto. Ni sukari, na ndiyo, najua nilichokuwa nawaambia watu kuhusu soda. Daktari akaandika amitriptilini kidogo, jioni. Nikaenda kukaa kwenye foleni ambayo kwa miaka yote ile niliitazama kutoka upande wa pili, na naomba radhi, mabenchi yale ni magumu kweli. Nilipofika dirishani nilitunisha kifua kidogo, wajue ni nani.

"Shikamoo, baba," akasema Happy.

"Marahaba, binti. Nipe hiyo niondoke, maelezo nayajua."

"Mfuko mezani."

"Happy. Ni mimi."

"Nimeona, baba. Mfuko."

Nikauweka. Alitoa dawa yangu ya sukari, akatoa ya presha, kisha akatoa kiboksi ambacho nilikuwa nimekizungushia leso. Tramadoli. Mwanangu Elia aliniletea Krismasi kutoka Dar kwa ajili ya goti langu. Mimi ndiye niliyewafundisha wote mle ndani kwamba hizo mbili zikikutana zinaweza kumwangusha mtu kwa degedege. Nilijua nilipokuwa kwa daktari, nikakaa kimya. Nilijua nikiwa kwenye benchi. Nilikuwa nimepanga kunywa ya Elia siku za baridi tu, moja moja, kama vile goti na moyo vinasoma kalenda.

"Daktari anajua habari za hii?" Happy akauliza.

"Hajaniuliza."

"Sikuuliza kama amekuuliza."

Sijui nani alimfundisha kujibu hivyo. Akakichukua kile kiboksi, akaandika jina langu juu yake, akafungua kabati. Nikajisikia nikisema, kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu aliyekaa dirishani miaka thelathini na ushee, "Sasa Elia nitamwambiaje? Aliniwekea mkononi."

Happy alifunga kabati kwa ufunguo.

"Mwambie nimekunyang'anya mimi, baba."

Kisha akachukua bahasha, akachora mwezi mmoja, akaandika moja chini yake. Akanieleza yote bila kuruka: jioni, niinuke kitandani polepole, nisipande ngazi wala pikipiki mpaka niujue mwili wangu, nisiache ghafla, mkojo ukikataa nirudi mara moja, nifungie mbali na wajukuu, pombe hapana, na mbege pia hapana. Foleni yote nyuma yangu ilikuwa inasikiliza.

"Haya," akasema, "rudia."

Nikarudia, moja baada ya jingine, mpaka nilipofika pombe. Hapo nikanyoosha mkono kuchukua bahasha, na Happy akaishikilia, akisubiri nimalizie mbege.